Namna ya kuikagua habari ya utafiti wa tiba kabla hujaisambaza

Kichwa cha habari kinasema dawa mpya imepunguza hatari ya ugonjwa kwa nusu. Swali la kwanza ni fupi: nusu ya ngapi? Kushuka kutoka wagonjwa 20 katika kila 100 hadi 10 ni jambo kubwa. Kushuka kutoka 2 katika kila 10,000 hadi 1 nako ni nusu, ila hapo watu 10,000 wamemeza dawa pamoja na madhara yake ili mmoja asiugue. Ukaguzi wote wa habari za tiba unazunguka hapo: kati ya wangapi, na wamelinganishwa na akina nani. Ukiwa na simu na intaneti, dakika 20 zinatosha.

Itafute makala yenyewe

Taarifa iliyoandikwa vizuri hutaja jarida na angalau mtafiti mmoja. Chukua jina la ukoo la mtafiti huyo na jina la ugonjwa kwa Kiingereza, uyatafute kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba mtandaoni, ambako kutafuta ni bure. Kama taarifa ina DOI, namba ya utambulisho ya makala inayoanza na 10 na nukta, itakufikisha moja kwa moja.

Usipoambulia kitu, huenda matokeo yalisomwa mkutanoni tu na makala haijachapishwa, au kampuni ilitoa tangazo kwa wawekezaji wake. Pengine ni rasimu iliyopakiwa kwenye hifadhi kama medRxiv au bioRxiv kabla wataalamu wengine hawajaihakiki. Rasimu si uongo, na wakati wa Uviko-19 nyingi zilisaidia kweli. Isome tu kama maelezo ya upande mmoja wa kesi.

Muhtasari wa makala husomeka bure hata kama makala yenyewe imefungiwa kwa malipo. Usiridhike nao: kwenye muhtasari ndiko utafiti unakovalishwa nguo za Idi. PubMed huonyesha kando kama kuna nakala ya bure kwenye PubMed Central. Ukiipata, ruka utangulizi, nenda kwenye sehemu ya mbinu na jedwali la kwanza, ambalo kwa kawaida hueleza umri, jinsia na hali ya washiriki.

Waliopimwa ni akina nani

Neno "panya" mara nyingi hujificha aya ya saba. Kitu kilichoua seli za saratani kwenye kisahani cha maabara bado hakijasema lolote kuhusu mgonjwa. Hata jiki huziua. Kwa binadamu, awamu ya kwanza ya majaribio huchukua makumi ya watu, na lengo lake ni usalama na dozi. Ya pili hutafuta dalili kwamba dawa inafanya kazi. Ya tatu huchukua mamia au maelfu na kulinganisha na dawa bandia au tiba iliyopo, washiriki wakigawanywa kwa bahati nasibu. Mgawanyo huo ndio moyo wa jambo. Bila huo, wanaotumia kitu fulani wanaweza kuwa na afya nzuri kwa sababu wana kipato, hawavuti sigara au wanalala vizuri.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Casgevy, tiba ya selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) inayotumia mkasi wa jeni uitwao CRISPR, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 8 mwaka huohuo. Namba iliyosambaa ni 29 kati ya 31: hao walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Waliotibiwa walikuwa 44. Hao 31 ndio waliokuwa wamefuatiliwa muda wa kutosha kuhesabiwa. Kundi la dawa bandia halikuwepo. Je, utafiti umeharibika? Hapana. Waliochaguliwa walikuwa wamepata angalau mashambulio mawili makali kila mwaka kwa miaka miwili iliyotangulia, na maumivu ya namna hiyo hayakomi kwa watu 29 kwa bahati tu. Namba hiyo hata hivyo haisemi nafuu itadumu miaka mingapi. Wala haitaji kwamba kabla ya kurudishiwa seli zake zilizohaririwa, mgonjwa hupewa dawa kali ya kusafisha uboho, ambayo inaweza kuharibu uwezo wa kuzaa. Habari iliyoandika "wamepona" na kuishia hapo imeruka mambo yote mawili.

Fungua asilimia

Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliiweka nyama iliyosindikwa kwenye kundi moja na tumbaku, likasema kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Fanya hesabu. Tukichukulia kwamba watu 5 katika kila 100 wangeipata hata hivyo, asilimia 18 ya 5 ni 0.9, kwa hiyo wanakuwa karibu 6. Kundi lile nalo lilisomwa vibaya: linapima uzito wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari.

Kosa la upande wa pili lilitokea kwa chanjo ya Uviko-19 ya Pfizer. "Asilimia 95" ilidhaniwa kumaanisha kwamba watu 5 katika kila 100 waliochanjwa wataugua. Jaribio lilikuwa na watu takriban 43,000. Waliougua walikuwa 170: 162 waliopewa chanjo bandia na 8 waliochanjwa. Asilimia 95 inatokana na kulinganisha 8 na 162.

Makala isipotoa hesabu ghafi za kila kundi, mimi ningeiacha bila kuisambaza.

"Jeni ya" kitu fulani

Hapa kuwa mkali. Zipo hali zinazosababishwa na badiliko la jeni moja, selimundu ikiwemo. Kimo, uzito, kisukari cha aina ya pili na tabia ni hadithi nyingine. Utafiti wa kimo uliochapishwa 2022 ulitumia data za watu milioni 5.4 na kukuta maeneo zaidi ya 12,000 kwenye DNA, kila moja likichangia kidogo mno. Wengi wa washiriki walikuwa na asili ya Ulaya, na kwa watu wa asili nyingine maeneo hayo yalibashiri kimo kwa udhaifu zaidi. Kwa hiyo ukisoma kuhusu kipimo cha alama za jeni, kinachojumlisha michango hiyo midogo ili kubashiri, tafuta kilijengwa kwa data za akina nani.

Kilichopimwa ni nini

Kushuka kwa kipimo cha maabara si sawa na kuishi zaidi. Dawa za encainide na flecainide zilituliza mapigo yasiyo sawa kwa watu waliowahi kupata shambulio la moyo. Jaribio la CAST lilipohesabu vifo, 1989, waliozimeza walikuwa wamekufa wengi kuliko waliopewa dawa bandia.

Majaribio mengi huwa na namba ya usajili inayoanza na NCT. Iandike kwenye ClinicalTrials.gov, tovuti ya kusajili majaribio, angalia lengo kuu lililoandikwa mwanzoni, kisha lilinganishe na lile lililosifiwa kwenye makala. Yakitofautiana, huenda watafiti walirusha mshale kwanza wakachora shabaha baadaye.

Mwisho, angalia kama imefutwa

Mei 22, 2020, jarida la Lancet lilichapisha makala kuhusu kutibu Uviko-19 kwa dawa ya hydroxychloroquine, iliyodai kutumia data za wagonjwa takriban 96,000. Siku tatu baadaye WHO ikasimamisha kwa muda sehemu ya jaribio lake iliyohusu dawa hiyo. Juni 4 makala ikafutwa, kwa kuwa waandishi watatu hawakuweza kuthibitisha data hizo. Siku 13 tu. Nyingine huchukua miaka: ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, yenye watoto 12, Lancet iliifuta 2010.

Makala iliyofutwa huwekewa neno RETRACTED kwenye PubMed. Malalamiko hutangulia kuonekana kwenye tovuti ya PubPeer, ambako wasomaji hubandika picha zilizorudiwa na hesabu zisizolingana. Ukiisambaza habari, weka kiungo cha PubMed badala ya kiungo cha gazeti, maana makala ikifutwa, tangazo hutokea palepale.