Kabla hujaenda kuangalia ndege kwenye kinamasi

Watu wengi wakisikia kuangalia ndege wanafikiria kutembea, unazunguka huku na huku mpaka umeona wa kutosha. Kwenye kinamasi hiyo haisaidii, matete yanakuzidi urefu na ukichomoa mguu kwenye tope tu kila ndege aliye karibu ameshajua upo. We jiandae kukaa, yaani sehemu moja, masaa mawili matatu, umetulia.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kufikiria wala sio darubini, ni makalio. Beba kigoda cha kukunja au hata nailoni ya kukalia, maana ukilowa utaanza kujigeuzageuza na kujigeuza ndio kunakofukuza ndege. Mabuti ya mpira, nguo za mikono mirefu rangi ya majani makavu au udongo (nyeupe acha nyumbani), dawa ya mbu, maji ya kunywa. Kama ni nchi zenye kichocho usiingize miguu mitupu kwenye yale maji hata yakionekana masafi, na kama pana mamba au viboko usikae ukingoni bila mwenyeji anayepajua, hapo hamna mjadala.

Darubini sasa. Utaona imeandikwa 8x42, hiyo 8 ni inavuta mara nane na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wengi wanakimbilia ya 10 au 12 wakidhani ndio bora ila inavyovuta zaidi ndivyo mkono unavyoonekana kutetemeka na eneo unaloona linakuwa dogo, na ndege wa kwenye matete anatokea sekunde mbili kapotea. Mi naona 8 inatosha kabisa. Lenzi pana inasaidia pia alfajiri mwanga ukiwa mdogo, na alfajiri ndio muda wenyewe, fika jua halijachomoza na ukae jua likitoka liwe mgongoni kwako, la sivyo utaona vivuli vyeusi tu. Siku ya upepo mkali ahirisha, wengi wanajificha chini na matete yote yanacheza hujui kipi ndege kipi jani. Kama ni kinamasi cha pwani angalia ratiba ya maji kwanza, maji yakijaa ndege wa matopeni wanasogezwa huku juu, yakitoka wanatawanyika mbali.

Alafu amua unaenda kuangalia nini, maana kuorodhesha majina tu kunachosha haraka. Chagua ndege mmoja umfuate kwa macho nusu saa. Yangeyange mdogo anatikisa mguu wake wenye vidole vya njano kwenye tope ili vidudu vikurupuke avidonoe, korongo yeye anasimama kama amesahauliwa hapo mpaka samaki ajilete. Mnandi akitoka kupiga mbizi anatanua mabawa kuyakausha kwa sababu manyoya yake yanashika maji kuliko ya bata. Na sile-maua, yule wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi, kwa aina nyingi dume ndiye anaatamia mayai na kulea, jike huyoo anatafuta dume mwingine. Andika saa, alichofanya, alikuwa na nani, na tumia penseli maana wino ukipata unyevu unasambaa.

Simu iwe kimya, na usipige sauti za ndege kwenye spika ili watoke, unamfanya dume aache shughuli zake aje kupigana na mtu asiyekuwepo. Kipindi cha kuzaliana ndio uwe makini kupita kiasi. Ukiona ndege ana chakula mdomoni lakini hashuki, anarukaruka juu ya matete na kulia mlio uleule mkali bila kuacha, kiota kiko karibu na wewe. Usikitafute, na picha sahau. Nyanyuka taratibu urudi nyuma ulikopita mpaka umwone ameshuka, ndio ukae tena hapo.