SOMO: Fuatilia fedha ya darasa kabla simenti haijachanganywa

Oktoba 2021 serikali yetu ya Tanzania ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa kukabiliana na UVIKO-19. Humo mlikuwa na madarasa 15,000, kila moja shilingi milioni 20, mengi yakijengwa kwa fosi akaunti: shule inanunua vifaa yenyewe na kuwapa kazi mafundi wa hapo hapo. Nilikuwa kwenye kamati ya mapokezi ya vifaa ya shule moja. Niliyoyaona pale yanafaa hata kwa zahanati au bweni.

1. Jua kiasi. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, uliza fedha imeingia lini na ni ya kazi gani. Omba mchanganuo wa vifaa na gharama. Ukizungushwa, andika barua ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Wanatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

2. Kamati ziwe tatu: manunuzi, ujenzi, mapokezi. Aliyenunua asijipokelee mwenyewe.

3. Uwepo gari linaposhusha. Hapa ndipo penyewe. Simenti ikishachanganywa haihesabiki, na nondo ikishazama kwenye zege huwezi kuipima tena. Sisi tuliletewa mabati ya geji 30 wakati mchanganuo ulisema geji 28. Kwa macho ni yale yale, ila ya 30 ni membamba. Mzee mmoja, fundi wa zamani, ndiye aliyesoma maandishi yaliyogongwa kwenye bati. Tukakataa kusaini, lori likarudi nayo.

Nondo ziwekeni kwenye mizani: ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10 na nusu hivi, ya milimita 10 haifiki kilo 8. Mchanga nao, pimeni bodi la gari kwa futi kamba, maana tripu ya gari dogo huandikwa kama ya gari kubwa.

4. Leja ya stoo. Kila mfuko unaotoka uwe na saini ya fundi.

5. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Daini mapato na matumizi yasomwe, na maswali yenu yaingie kwenye muhtasari.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mzee. Mwenyekiti anasema tusubiri ripoti ya CAG.*

Marahaba mwanangu. CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, humkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, na inahusu mwaka wa fedha ulioisha Juni iliyopita. Wakati huo ukuta umeshapigwa rangi. Tena mkaguzi naye husoma karatasi: leja na hati mlizotunza ndizo zitakazomsaidia.

*Wananchi tulisomba mawe wenyewe. Yanahesabiwa?*

Lazima yahesabiwe! Nimeona mawe ya nguvu za wananchi, halafu kwenye faili ikawekwa risiti ya mawe yale yale. Iliniuma sana, kwa sababu akina mama waliyabeba kichwani. Andikeni majina na idadi ya tripu siku hiyo hiyo.

*Naogopa kuripoti peke yangu.*

Ni haki yako kuogopa, dada. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113, na ipo sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa. Ila ni heri kwanza kamati ikae, iandike muhtasari wenye tarehe, kiasi na namba za risiti, wajumbe wote wasaini. Hapo jina lako linakuwa moja kati ya mengi.