Kuifuata Nasaba ya Kinorwe Ukiwa Lamu

Wazee waliotulea hapa Lamu walitufundisha kuhesabu baba kwa baba, hadi tumfikie aliyeshuka chomboni akitoka Hadhramaut au aliyehamia kutoka Pate na Siyu, na mtoto aliyekwama njiani alirudishwa mwanzo. Ndivyo nilivyowafanyia wajukuu zangu walipokuja likizo kutoka Minnesota, ambako binti yangu ameolewa. Upande wetu waliushika kwa siku tatu. Kisha yule mkubwa akauliza upande wa babake, na mkwe wangu, aliyesilimu kabla ya nikahi na ambaye mababu zake ni Wanorwe, hakuwa na la kumjibu isipokuwa kwamba babu wa babu yake aliitwa Ole Hanson na kwamba alitoka Norwe. Jina hilo nimelibadilisha, ingawa lenyewe lilikuwa la kawaida vivyo hivyo. Yafuatayo nilijifunza kwa kumtafuta mtu huyo nikiwa nyumbani Langoni, kwa kompyuta kuukuu na bando la simu, nami nayaandika kwa ajili ya mzazi au bibi mwingine wa pwani aliye na wajukuu wa aina hiyo.

Safari inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Wanorwe kuhamia Amerika ilianza Stavanger mwezi wa Julai 1825 kwa chombo kiitwacho Restauration, chenye urefu wa mita 16 hivi, ambacho baharia wetu angekilinganisha na jahazi. Kilipakia watu 52 na kikafika New York mwezi wa Oktoba kikiwa na 53, kwa kuwa mtoto alizaliwa baharini. Katika miaka mia moja iliyofuata waliondoka zaidi ya watu 800,000, na wengi wao waliishia Wisconsin, Minnesota, Iowa na Dakota. Kwa hiyo anayemtafuta Ole Hanson anatafuta mmoja katika maelfu ya akina Ole, na kosa la kila anayeanza, ambalo nami nililifanya, ni kuliamini jina.

Katika jambo la majina msomaji wa Kiswahili anamtangulia Mmarekani mwenyewe, kwa sababu jina la Kinorwe la zamani lilijengwa kama letu. Ole mwana wa Hans aliitwa Ole Hansen, yaani Ole bin Hans, na dada yake Kari aliitwa Kari Hansdatter, yaani Kari binti Hans. Ole akipata mwana akamwita Hans, mtoto huyo alikuwa Hans Olsen. Mwanamke akiolewa alibaki na jina la babake, kama wabakivyo wanawake wetu, ndiyo maana katika daftari za zamani za Norwe majina ya mume na mke hayafanani. Lakini mwanamke huyohuyo akifika Amerika aliandikwa kwa jina la mumewe, na jina la babake likapotea katika karatasi za huko. Sheria iliyolazimisha kila familia iwe na jina moja la kudumu ilipatikana mwaka wa 1923, wakati ambapo wengi wa wahamiaji walikwisha kuondoka.

Baada ya jina la baba lilikuja jina la shamba, na hapa ndipo penye ufunguo wa kazi nzima. Ole Hansen aliyekaa shamba la Haugen aliitwa Ole Hansen Haugen, lakini Haugen halikuwa jina la ukoo; lilikuwa anwani. Akihamia shamba la Bakken alikuwa Ole Hansen Bakken, na mwanamume aliyeoa binti mwenye shamba akahamia ukweni, kama ilivyo desturi ya Lamu bwana harusi kuingia nyumba ya mkewe, alichukua jina la shamba la ukweni. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja waliweza kufika Amerika, mmoja akajiandikisha Hanson kwa jina la baba na wa pili Haugen kwa jina la shamba, na leo wajukuu wao wakawa majirani wasiojua kuwa ni damu moja. Basi usitafute jina. Tafuta usharika, yaani eneo la kanisa moja na waumini wake, na shamba, kwa kuwa mtu aliyezaliwa katika usharika fulani, shamba fulani, tarehe fulani, ni mmoja tu hata kama jina lake limebadilika mara tatu.

Desturi ya kuwapa watoto majina ya babu na bibi itakusaidia pia. Mtoto wa kiume wa kwanza aghalabu alipewa jina la baba wa babake, wa pili la baba wa mamake, na wasichana walifuata mabibi kwa mpango huohuo. Ukiwa na orodha ya watoto waliozaliwa Minnesota, tayari una dhana nzuri ya majina ya wazee waliobaki Norwe. Ni dhana tu, si ushahidi. Jihadhari pia na jambo moja: mtoto akifa, jina lake mara nyingi alipewa mdogo wake aliyemfuata, kwa hiyo ukimwona Ole aliyezaliwa mwaka wa 1852, hakikisha kwanza kwamba hakuzikwa mwaka uliofuata na mwingine kuzaliwa baadaye.

Kazi yenyewe huanzia Amerika, na usiivuke bahari kabla hujalipata jina la mahali. Sensa ya Marekani haitakupa mahali hapo, kwa kuwa kwa kawaida huandika nchi ya kuzaliwa peke yake, lakini sensa ya mwaka wa 1900 ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa pamoja na mwaka wa kuhamia, na hayo mawili utayahitaji sana baadaye. Sensa ya 1890 usiihangaikie, maana karibu yote iliharibika kutokana na moto wa mwaka wa 1921. Jina la usharika hupatikana zaidi katika vitabu vya makanisa ya Kilutheri yaliyoanzishwa na wahamiaji wenyewe, kwa sababu mchungaji wa huko, aliyekuwa Mnorwe kama waumini wake, alijua kwamba kuandika Norwe tupu hakumwambii mtu chochote. Hupatikana vilevile katika tangazo la kifo gazetini, likiwemo gazeti la Kinorwe kama Decorah-Posten lililochapishwa Iowa tangu 1874 hadi 1972, katika jiwe la kaburi, na katika Biblia ya familia, ambayo kurasa zake za mwanzo ziliandikwa vizazi na vifo. Mwulize shangazi mkubwa kabla ya kuiuliza kompyuta. Kwetu sisi karatasi iliyotutoa gizani ilikuwa picha ya zamani iliyoandikwa nyuma neno moja, ambalo kila mtu alidhani ni jina la mpiga picha, kumbe lilikuwa jina la usharika.

Habari za meli hupendwa na wengi, lakini hazina msaada mkubwa. Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji huko New York, ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, kwa hiyo aliyefika mwaka wa 1870 hakupita hapo. Alipita Castle Garden, kituo kilichofanya kazi tangu 1855 hadi 1890, au alishukia Quebec, Kanada, na kuendelea kwa njia ya maziwa makuu na reli. Wengi pia hawakusafiri moja kwa moja, bali walivuka hadi Hull, Uingereza, wakapanda treni kwenda Liverpool, na huko wakaingia meli nyingine.

Ukishapata mwaka wa kuhamia na dokezo la mahali, fungua Digitalarkivet, ambayo ni hazina ya mtandaoni ya Nyaraka za Taifa za Norwe. Ni bure, haihitaji kujisajili ili kusoma, na ina ukurasa wa Kiingereza kwa asiyejua Kinorwe. Anza na daftari za polisi za wahamiaji, zilizoanza kuandikwa mwaka wa 1867 katika miji ya bandari kama Christiania (Oslo ya leo) na Trondheim, na Bergen tangu 1874. Humo utakuta jina, umri, makao ya mwisho, na mahali mtu alipokusudia kwenda. Kumbuka kwamba makao ya mwisho si lazima yawe pa kuzaliwa, kwani kijana aliweza kufanya kazi mjini miaka miwili akikusanya nauli. Aliyeondoka kabla ya 1867 mtafute katika vitabu vya usharika wake, ambamo wachungaji walikuwa na orodha ya waliohama.

Kisha ziko sensa. Ile ya 1801 iliandika kila mtu kwa jina, zikafuata za 1865, 1875, 1891, 1900, 1910 na 1920, na kwa kuwa sensa ya Norwe hufungwa kwa miaka 100, hiyo ya mwisho ilifunguliwa mwezi wa Desemba 2020. Sensa za 1865 na 1875 ndizo za thamani kwa familia nyingi, kwa sababu zinampanga kila mtu chini ya shamba lake na kutaja usharika aliozaliwa. Tafuta kwa jina la kwanza na mwaka wa kuzaliwa, ukiacha nafasi ya miaka miwili mbele na nyuma, wala usilazimishe tahajia: Ole na Ola, Kari na Karen, Haugen na Hougen huweza kuwa mtu mmoja, na mwandishi wa sensa hakumwomba mtu kitambulisho. Majina ya miji nayo yamebadilika. Christiania, iliyoandikwa baadaye Kristiania, ilirudishiwa jina la Oslo mwaka wa 1925, na herufi å ilichukua nafasi ya aa mwaka wa 1917, kwa hiyo neno moja hupatikana kwa sura mbili.

Ushahidi wenyewe umo katika vitabu vya kanisa. Ubatizo huandikwa pamoja na majina ya wazazi, shamba lao, na wasimamizi wa mtoto, ambao aghalabu walikuwa mashangazi, wajomba na majirani. Usiwapite, kwa kuwa hao ndio watakaokuthibitishia kwamba umeshika familia ile ile. Kipaimara, yaani ibada ya kijana kuithibitisha imani yake kanisani, kilichokuwa lazima tangu 1736, humtaja kijana wa miaka 14 hadi 16 hivi pamoja na wazazi wake, na katika karne ya kumi na tisa utaona humo hata tarehe ya chanjo ya ndui. Tangu miaka ya 1810 vitabu vilianza kuwa na safu zilizochapishwa, jambo lililorahisisha kazi sana. Vya kabla ya hapo ni mistari mfululizo, na tarehe zake si tarehe bali majina ya Jumapili, kama vile Jumapili ya tano baada ya Utatu, ambayo ni sikukuu ya Kikristo, nazo husogea kila mwaka kwa kufuata Pasaka. Aliyezoea kusikia bibi yake akisema mtu fulani alizaliwa Mfungo Tano, mwezi wa kalenda yetu ya Kiislamu, hatashangaa; atatafuta jedwali la sikukuu za mwaka ule na kuhesabu.

Mwandiko ni wa Kigothi na utakutisha siku ya kwanza. Ifanye kama unavyofanya hati ya zamani ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu na mkono usioujua: usianze na neno gumu, anza na jina ambalo tayari unalijua, uone mwandishi huyu anavyoiandika h yake na s yake, halafu uende nayo ukurasa mzima. Mimi nilijitengenezea kikaratasi cha herufi za kila mchungaji, na alipokuja mchungaji mpya nikaanza kingine.

Jina la shamba ukilipata, angalia kwamba ni lile lile. Haugen maana yake ni kilima kidogo, na Norwe haina upungufu wa vilima. Kumtafuta mtu wa Haugen bila usharika ni sawa na kumtafuta mtu wa Majengo bila kutaja ni Majengo ya mji gani. Jina likimalizikia kwa eie, huenda mtu wako hakuwa mwenye shamba, bali alikaa katika kibanda pembezoni mwa shamba la mwingine na kulipa kwa kazi ya mikono, na watu wa namna hiyo ni wengi sana miongoni mwa waliohama. Wilaya nyingi zina vitabu vya historia vilivyopangwa shamba kwa shamba, familia kwa familia. Maktaba ya Taifa ya Norwe imevinakili vingi kwa dijitali, ingawa baadhi havifunguki kwa aliye nje ya nchi hiyo.

Sasa kosa langu. Nilimpata Ole Hansen aliyezaliwa mwaka uleule, nikampenda, nikapanda naye vizazi vitatu na kuichora nasaba kwa kalamu nzuri. Baada ya miezi minne nilimkuta katika sensa ya 1900 akiwa bado Norwe, seremala mwenye watoto sita, wakati Ole wetu alikuwa Minnesota tangu 1873. Tangu siku hiyo, kabla ya kumkubali mtu, humtafuta katika sensa zilizofuata safari yake, na akionekana bado kwao, namwacha aende zake. Pia kila jina naandika nimelitoa kitabu gani na ukurasa upi, kwa sura liliyoandikwa nayo humo, hata kama sura hiyo haipatani na ninavyojua mimi.

Ole wa kweli alipatikana katika sensa ya 1865, mtoto wa kibandani. Picha ya ukurasa huo ina safu za mifugo na mbegu zilizopandwa, na familia yake ilikuwa na ng'ombe mmoja, kondoo wanne na viazi. Mjukuu wangu aliukagua ukurasa wote kutafuta punda. Safu zilizokuwapo ni za farasi, ng'ombe, kondoo, mbuzi, nguruwe, na hata kulungu wa kaskazini.