Kuisaka maada giza ukiwa Ujiji, bila kununua darubini

Kila muhula klabu ya fizikia huniuliza: "Mwalimu, tukichanga tukanunua darubini, tutaiona maada giza?" Hamtaiona. Haitoi nuru wala hainyonyi nuru. Hata James Webb, darubini kubwa iliyoko angani, haijaiona. Kinachoonekana ni jinsi tungamo lake (masi) linavyoipinda nuru ya galaksi zilizo nyuma yake. Basi hela wekeni kwenye bando, na msihangaike kungoja usiku ambao wavuvi wa dagaa hawajawasha taa ziwani.

Kuona nuru inavyopindwa hivyo, anza na glasi ya mguu, zile za ukumbini. Iliyovunjika inafaa zaidi, mradi kitako ni kizima. Penye ncha kali zungushia plasta. Weka nukta nzito ya wino kwenye karatasi ya grafu, laza kitako juu yake, chungulia, kisha kisogeze polepole. Nukta itavutika iwe upinde, itagawanyika, na ikifika katikati kabisa inakuwa pete. Tazama na mistari ya grafu inavyojikunja. Mimi hapa humaliza kipindi kizima.

Sasa pakua picha ya James Webb ya kundi la galaksi SMACS 0723, iliyotolewa na NASA Julai 2022. Ni bure. Chukua faili kubwa. Ile inayozunguka WhatsApp imebanwa mno. Vyenye miali mirefu sita ni nyota za galaksi yetu, viruke. Galaksi za kundi ni zile nyeupe zenye ukungu, katikati ya picha. Tafuta nyuzi nyembamba zilizopinda, nyingi za rangi ya machungwa: ni galaksi za nyuma, nuru yao imepindwa na kundi kama lenzi. Mkono wa galaksi ya kawaida huzunguka kitovu cha galaksi hiyohiyo. Upinde wa lenzi hulizunguka kundi zima. Ukishika hilo, hudanganyiki.

Ukijua umbali, nusukipenyo ya upinde inakupa tungamo lililo ndani yake. Umbali usipobadilika, nusukipenyo mara mbili ni tungamo mara nne. Jumlisha nyota na gesi, bado hufiki hata robo yake; linalobaki ndilo la maada giza. Mwanaastronomia Fritz Zwicky aliliona pengo hilo mwaka 1933 katika kundi la Coma, ila yeye alipima mwendo wa galaksi.

Mbishi wa darasa atasema hesabu ya graviti ndiyo mbovu, hakuna kitu kingine. Mpe Bullet Cluster, makundi mawili yaliyogongana. Gesi, iliyopigwa picha ya eksirei na Chandra, darubini nyingine ya angani, ilikwama katikati. Kupindwa kwa nuru, kwa matokeo ya 2006, kukaonyesha sehemu kubwa ya tungamo imepita mbele pamoja na galaksi, haikubaki na gesi, kwa hiyo kuna kitu kingine. Kwenye picha, waridi ni gesi na buluu ni tungamo, kwa hiyo ukienda steshenari lipia chapa ya rangi.