Kula vizuri Dodoma kwa bei nafuu: fuata mafundi, fuata saa

Kazi yangu ni kufunga umeme kwenye nyumba mpya, na Dodoma inavyojengwa, wiki hii niko Iyumbu, ijayo Nzuguni, nyingine Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Mchana nakula huko huko kazini. Ndiyo maana mgeni akiniuliza pa kula, simwelekezi katikati ya mji. Namwambia atafute jengo linalopanda, kisha atafute moshi. Mama lishe wa saiti hathubutu kupunja wala kuuza kiporo. Wateja wake ni wale wale kila siku, wamebeba zege tangu asubuhi, na wakimkasirikia leo, kesho wanahamia kwa jirani na chakula kinamdodea.

Fika kati ya saa 6 na saa 7 mchana. Saa 8 utakuta mboga nzuri zimekwisha. Salimia, halafu kabla hujakaa uliza: "Mama, leo umepika nini?" Akikufunulia masufuria utazame mwenyewe, kaa. Wali maharage na mchicha mara nyingi ni kati ya shilingi 2,000 na 3,000. Nyama au samaki utaongeza kidogo. Tazama na maji ya kunawa. Ndoo yenye koki, sawa. Beseni moja la watu wote, mimi naondoka.

Sasa mlenda. Mtu kuja Ugogo akala chipsi tu akarudi kwao, mimi inaniuma kabisa. Uliza ugali wa uwele au wa mtama na mlenda wa karanga. Ugali huo ni mweusi kuliko wa sembe, una ladha ya nafaka yenyewe, na ukiula saa 7 hutasikia njaa mpaka usiku. Mlenda uliopikwa vizuri unavutika ukiuchota kwa tonge, hauchuruziki, na karanga zimeshikana nao zisielee juu. Ukiukuta mwepesi, ujue maji yameongezwa ili utoshe watu. Si kila mama anaupika kila siku, kwa hiyo mwambie leo kwamba kesho unautaka. Wengi watakupikia kwa furaha.

Asubuhi ni supu na chapati, basi. Nenda mapema, nyama ikiwa bado ipo kwenye mfupa, na uombe ndimu.

Jumamosi iachie Msalato. Ni mnada wa mifugo, kaskazini mwa mji kwenye barabara ya Arusha, na mbuzi anayechomwa pale hajasafiri mbali. Unachagua mguu au mbavu zikiwa bado zinaning'inia, zinapimwa mbele yako. Kabla kisu hakijagusa nyama, uliza bei ya kilo na kama kuchoma kumo humo humo. Ugomvi mwingi wa mnadani unaanzia hapo. Kisha simama karibu na jiko. Mwombe mchomaji asiikatekate mpaka iive, mafuta yake yabaki ndani, na umwambie moto upungue nyama ikianza kubabuka nje. Inachukua muda, nawe usimharakishe. Ikishuka, inakatwa kwenye ubao, chumvi pembeni, pilipili ya kupondwa, ugali wa moto. Nendeni watu wanne mchangie kilo mbili; bei inakuwa ya kila mtu.

Jioni za kawaida kuku wa kuchoma wanajulikana walipo, pale panapoitwa Chako ni Chako. Uliza kama ni wa kienyeji au wa kisasa kabla ya kuagiza, maana bei hazilingani.

Jihadhari na miezi ya Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni. Mji unajaa, na migahawa ya katikati inajaa nao. Wakati huo mimi nazidi kukaa pembeni, Nzuguni au Ihumwa.

Kwa kinywaji, anza na juisi ya ubuyu au ukwaju. Mibuyu ni ya hapa hapa. Mvinyo wa Dodoma unapatikana kwenye baa na maduka mengi. Sema mapema kama unataka mtamu au mkavu, kwa sababu mtamu ndio unaopendwa zaidi na ndio utakaoletewa usiposema.

Zabibu za hapa zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na muuzaji mkweli atakwambia zimetoka Hombolo au Mpunguzi. Tazama kikonyo: kikiwa kibichi, zimekatwa karibuni, kikikauka na punje zikidondoka ukitikisa kichala, ziache. Omba uonje moja, hakuna atakayekunyima. Za kusafiri nazo ziweke kwenye boksi lenye matundu. Ukizifunga kwenye mfuko zitatoa jasho na kuanza kuoza kabla hujafika Morogoro.