Namna ya kuandika karatasi ya kupaa, tukianzia Sacramento

Mwanafunzi wangu akikaribia saa ishirini za urukaji, kuna siku moja simruhusu kugusa ndege. Namkalisha penye chai hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nampa kalamu na karatasi ya kuandika mambo ya kuamua kabla ya kupaa, kisha namsimulia habari za ndege iitwayo Sabre. Karibu wote hunung'unika kwamba wamelipia urubani, si historia. Siku hiyo hulipii kitu, namwambia, labda chai yangu.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 24 Septemba 1972, kwenye maonyesho ya ndege katika kiwanja cha Sacramento Executive, California. Ndege ilikuwa Canadair Sabre Mk 5, jeti ya kivita iliyoundwa Kanada miaka ya 1950, ambayo sasa ilimilikiwa na raia. Ilikimbia na pua juu, ikakataa kupanda, na njia ya kurukia ikaisha. Ikapita kwenye uzio, ikavuka barabara ya Freeport na kuingia katika duka la aiskrimu la Farrell's, lililokuwa limejaa familia na watoto. Matangi ya mafuta ya nje yakapasuka na moto ukalipuka. Watu 22 walikufa, 12 kati yao watoto. Rubani alivunjika mkono na mguu, akapona.

Hapo ndipo nasema: sasa shika kalamu.

Mstari wa kwanza, andika saa zako katika aina ya ndege unayopanda leo. Sitaki jumla ya maisha yako. Rubani wa Sacramento hakuwa mgeni angani, ila katika Sabre alikuwa na saa zisizofika nne. Ukiwa umetoka Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, na leo unakwenda kwenye ndege ya injini mbili, andika sifuri bila haya.

Mstari wa pili ni kasi ya kuinua pua, na kiasi cha kuiinua. Hapa nakawia, kwa kuwa ndio uliowaua wale watoto. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za ndege, walisema pua iliinuliwa kupita kiasi, ndege ikapoteza uwezo wake. Na kwamba hilo lilitokana na rubani kutoizoea ndege vya kutosha na macho yake kudanganywa na alichokiona nje. Mwanafunzi husikia hivyo akauliza: Kapteni, pua ikiwa juu si ndiyo ndege inapanda? Hapana. Bawa likikaa kwa pembe kubwa mno hubeba uzito, lakini hutoza bei, na bei yenyewe ni ukinzani wa hewa. Kwa bawa lililorudishwa nyuma kama la Sabre, bei hiyo hupaa haraka sana. Injini inasukuma kwa nguvu zake zote, na nguvu zote zinaliwa na huo ukinzani. Kasi haiongezeki, na bila kasi hakuna kupanda. Dawa ni kushusha pua, jambo ambalo mkono wa binadamu unaoona njia inaisha hautaki kabisa kulifanya. Mkono unataka kuvuta. Nimewahi kuusukuma mbele kwa nguvu mkono wa kijana mmoja, naye akaniangalia kana kwamba nataka kumuua.

Kwa hiyo andika namba. Cessna 172 yetu, noti 55 (maili za baharini kwa saa, si za benki), na pua ipande taratibu hadi ifunike upeo wa macho, basi. Ukikaa kwenye ndege usiyoizoea, mwombe mwalimu aiweke pua katika hali sahihi mara kadhaa huku wewe ukitazama tu. Picha ya dirisha la ndege moja haihamii kwenye nyingine.

Mstari wa tatu: nusu ya njia. Ukifika katikati ya njia ya kurukia, uwe na asilimia 70 ya kasi ya kuinua pua. Hesabu yake ni nyepesi, umbali hukua kwa mraba wa kasi, na 0.7 mara 0.7 ni 0.49, karibu nusu. Kwa noti 55 hiyo ni noti 39, wakati mshale wa kasi ndiyo kwanza umezinduka. Chagua alama ya katikati unayoiona kwa macho, kibao au makutano ya njia ya kuingilia, uiandike. Kisha sema kwa sauti kabla ya kuachia breki: nisipopata 39 pale, naondoa nguvu za injini, nasimama. Usiposema, hutasimama. Hapa Wilson, karibu futi 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi; saa nane mchana jua likiwaka, utaona alama inakuja upesi kuliko ulivyotaraji. Ndege hiyohiyo kule Ukunda, pwani, hukufanya ujione bingwa.

Baada ya Sacramento, Marekani ilikaza masharti ya nani aruhusiwe kuendesha jeti za zamani za kijeshi. Hilo ni la wakubwa, silimalizii muda.

Mstari wa mwisho: chora kilichopo baada ya mwisho wa njia. Pale Sacramento kulikuwa na uzio, barabara, kisha duka la watoto, na vyote vilikuwapo asubuhi ile kwa yeyote aliyetaka kuvitazama. Hii si ya kukutisha, ni ya kukuambia kwa nini mstari wa tatu huamuliwa chini, na injini imezimwa.

Kijana wa juzi aliandika "nyumba za watu", akanirudishia kalamu. Nikamuuliza: za akina nani, na saa hizo nani yuko ndani? Akanyamaza, akachukua karatasi yake, akatoka nje ya geti. Alirudi baada ya saa nzima, viatu vimejaa vumbi na chai yake imepoa. Alikuwa ameongeza gereji, mama anayekaanga mihogo na kituo cha matatu. Pembeni pa kituo ameandika: jioni hujaa.