Herpesi ya sehemu za siri wakati baba na mama wote wanayo

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kule Kadutu, Bukavu. Mume na mke wakiingia pamoja na herpesi, ugonjwa wa zinaa wa virusi unaotoa malengelenge sehemu za siri, swali la kwanza huwa si la dawa. Huwa ni hili: "Muganga, nani aliileta nyumbani?" Basi naanzia hapo.

Hatua ya 1: Malizeni kesi. Virusi hivi hujificha kwenye mishipa ya fahamu, chini ya uti wa mgongo, na watu wengi hukaa navyo miaka bila kuona hata kipele. Kidonda cha kwanza kikitokea mwezi huu, hakithibitishi kwamba mtu alitoka nje mwezi huu. Hakuna kipimo cha damu kinachotaja aliyeanza. Choo cha jirani nacho hakihusiki. Nimeona nyumba zikivunjika kwa ajili ya tarehe ambayo hakuna awezaye kuijua, na inaniuma kila mara.

Hatua ya 2: Hakikisheni ni yenyewe. Herpesi hutoa malengelenge madogo kwa kundi, yanapasuka, yanauma. Kaswende mara nyingi huanza na kidonda kimoja kisichouma. Pimeni kaswende na virusi vya sida siku hiyo hiyo, maana herpesi ya aina ya 2 (virusi hivi vina aina mbili, ya 1 na ya 2) huongeza hatari ya kuambukizwa virusi vya sida karibu mara 3.

Hatua ya 3: Wekeni dawa nyumbani mapema. Hapa ndipo wengi wanapopoteza. Kabla ya malengelenge mwili huonya: kuwashwa, kuchomachoma, maumivu yanayoshuka matakoni au pajani. Kinini (kidonge) cha asikloviri, dawa ya virusi hivi, kikianza saa hizo, ndani ya siku moja, vidonda hupungua na kupona haraka. Ukingoja mpaka vipasuke ndipo upande Kadutu kutafuta farmasi, umechelewa. Ombeni daktari awaandikie akiba. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima:

- mara ya kwanza kabisa: miligramu 400 mara 3 kwa siku, siku 10;
- vikirudi: miligramu 400 mara 3 kwa siku, siku 5.

Anameza yule mwenye vidonda tu. Tumezoea kwamba magonjwa ya zinaa hutibiwa wawili pamoja, lakini hili halifuati desturi hiyo. Antibiotiki haziui virusi, msinunue.

Hatua ya 4: Siku za vidonda. Osha kwa maji ya chumvi kidogo, kausha taratibu, vaa chupi ya pamba isiyobana. Mkojo ukichoma, kojoa ukiwa umekaa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Parasetamoli inasaidia. Nawa mikono ukigusa kidonda, hasa kabla ya kugusa macho. Mkojo ukikataa kutoka, jicho likiwa jekundu na kuuma, au kichwa kikiuma sana na shingo kukakamaa, nendeni hospitali mara moja.

Hatua ya 5: Kitanda. Kama mna aina ile ile ya virusi, hamrudishiani ugonjwa; kila mwili umeshajenga kinga yake, na vidonda vya mama haviamshi vya baba. Hata hivyo ngojeni ngozi ifunge kabisa, kwa sababu msuguano unaumiza na kuchelewesha kupona. Ikiwa hali ya sida ya mmoja wenu haijulikani, tumieni kondomu.

Hatua ya 6: Vikirudi mara 6 au zaidi kwa mwaka. Ulizeni daktari kuhusu asikloviri miligramu 400 asubuhi na jioni, kila siku. Homa, hedhi na kukosa usingizi huamsha vidonda kwa wengi. Wagonjwa wangu hutaja pia hofu, na mji wetu umeijua vizuri.

Hatua ya 7: Mimba. Mwambieni mkunga tangu siku ya kwanza ya kupima mimba, msione haya. Mama aliyekuwa na herpesi zamani humpa mtoto sehemu ya kinga yake. Hatari kubwa ni ambukizo jipya katika miezi 3 ya mwisho. Kuanzia wiki ya 36 daktari anaweza kumpa mama asikloviri kila siku. Uchungu ukianza na vidonda vipo, mtoto huzaliwa kwa upasuaji. Mtoto akishafika nyumbani, mwenye kidonda mdomoni asimbusu, hata akiwa bibi yake.